Kipande cha Mwenye Kuzungusha

Jumapili, 13 Oktoba
Mvua: ya kwanza. Makaa: makavu.

Imeshuka baada ya adhuhuri. Vumbi jekundu la kiangazi limegeuka tope kwa muda wa kunywa chai. Baba hakuondoka penye moto. Alivuta bati juu ya pipa, akaendelea kuzungusha kana kwamba mvua inanyesha kwa jirani.

Nimeamua kuandika msimu huu wote. Mvua ndiyo adui wa kazi yetu, na mwaka jana makaa mengi yaliharibika kwa sababu hakuna aliyekumbuka ni wiki zipi zilizo mbaya. Basi kila siku nitakayoandika nitaanza na mvua na makaa. Yatakayofuata yatafuata.

Kwa kuwa naandika kwa utaratibu, niandike pia kazi yenyewe. Baba yangu Mansour anachoma kidari hapa Dilala, mtaa wa Kolwezi, tangu kabla sijazaliwa. Babu alitoka Kasongo na magunia ya mchele. Baba hakupenda mchele, alipenda moto. Chombo chake ni pipa la mafuta lililopasuliwa kwa urefu, limesimama juu ya miguu ya chuma. Katikati kinapita chuma cha pembe nne, na mwisho wa chuma kuna pedali ya baiskeli ya kuzungushia. Makaa hayakai chini ya nyama. Yanakaa pande mbili, na katikati kuna sinia la kupokea mafuta, ambayo Baba huyarudisha juu ya nyama kwa kijiko kirefu.

Kidari ni kifua cha ng'ombe, nyama ngumu, haitaki haraka. Baba hukikunja na kukifunga kwa waya kikiwa kibichi, kisha hukilaza ndani ya limau, kitunguu saumu na pilipili mpaka asubuhi, waya ukiwa juu yake, ili kisipoteze umbo. Halafu hukipitisha kwenye chuma. Anazungusha polepole, mzunguko mmoja kwa kila Subhanallah. Kikiiva hukata ncha, ile yenye mafuta yaliyokauka na kuwa magamba, na hicho kipande cha kwanza humpa aliyekuwa akizungusha. Si mteja, si mkubwa wa nyumba. Zamani kilikuwa cha marehemu mama yangu, Aicha. Sasa ni changu, kila Jumapili, kwa sababu siku nyingine niko kazini, katika ofisi ya shule.

Leo kilikuwa kitamu.

Alhamisi, 17 Oktoba
Mvua: hakuna. Makaa: makavu.

Mtu amekuja na mzigo wa waya wa shaba begani, anauza. Baba amemfukuza.

"Waya nyekundu na limau ni sumu, bwana! Peleka kwa bale banayeyushaka. Huku tunatumika na waya nyeupe ya chuma tu."

Yule mtu akaonyesha kidole ua wetu. "Na ile, tata? Si ni nyekundu?"

"Ile inafunga miti. Miti haikulaka limau."

Tulicheka sana. Kweli ua wetu umefungwa kwa shaba, kama ua wa kila mtu katika mji huu wa migodi ya shaba.

Jumamosi, 26 Oktoba
Mvua: kidogo asubuhi. Makaa: nimeyafunika kwa plastiki mpya.

Kidari cha leo kilikuwa na chumvi mara mbili. Mama Henriette, jirani yetu wa mbele, anayeuza vitenge soko la Manika, alimeza kipande akashika koo.

"Tata Mansour, leo ulipika nyama ao ulipika chumvi?"

"Ulimi yako njo imechoka, Mama Henriette. Inasemaka sana."

"Ichoke namna gani na haijaanza hata kazi? Ngojea Desemba!"

Binti yake Mignonne anaolewa mwezi wa Desemba, na vidari vya harusi ni vya Baba. Wao ni Wakatoliki, sisi Waislamu, lakini katika mtaa huu hakuna ndoa wala matanga yaliyopita bila pipa letu.

Kila mtu anaweza kukosea chumvi.

Jumanne, 5 Novemba
Mvua: nzito. Makaa: yameloa, moshi mwingi. Hatukuchoma.

Ijumaa, 15 Novemba
Mvua: mchana wote. Makaa: tumebakiwa na magunia machache makavu.

Baba alikwenda kuswali Ijumaa akarudi alasiri juu ya taxi-moto, amelowa mpaka kofia. Mwenye pikipiki aliniita pembeni.

"Mama, huyu muzee nilimupata kule Manika. Alikuwa anauliza bantu njia ya kwa Mama Aicha."

Mama yangu yuko makaburini siku nyingi. Nilimlipa yule mtu, nikamvua Baba viatu.

"Banabomoa manyumba kila siku," Baba akasema, akicheka. "Leo barabara iko hapa, kesho iko kule. Mutu atajua njia namna gani?"

Ni kweli wanabomoa. Nimejiambia ni kweli wanabomoa.

Kuanzia leo naongeza neno la tatu hapo juu.

Jumapili, 24 Novemba
Mvua: jioni. Makaa: makavu kiasi. Baba: mzima, lakini ameniita Aicha mara mbili.

Kaka yangu Iddy amerudi na lori lake kutoka Kasumbalesa. Alikula, akanawa, akaniita nyuma ya nyumba.

"Zena, tutoe baba pa moto."

"Juu ya nini?"

"Weye unamuona kila siku, na unaniuliza juu ya nini? Alisahau makala yenye kuwaka ndani ya karai, pembeni ya plastiki. Kama sikupita pale, nyumba ilikuwa inakwenda. Kisha harusi ya Mignonne tuwaambie hapana. Bantu bengi, mi yaya yako sipendi haya mbele yao."

"Yaya yangu anapenda hii kiwanja ya moto, aweke lori."

Kisha akasema anaweza kuweka mota ya kufutia kioo ya lori la zamani izungushe chuma yenyewe, Baba abaki kuangalia tu.

"Ukimutoa baba pa moto, utamuweka wapi?" nikamwuliza. "Kwa kiti? Juu ya ile kiti atakufa."

"Na siku ataua mutu?"

Tumeachana bila kuagana. Nimemwona Iddy leo kwa sura yake ya kweli: mtu wa mota. Kila kitu kwake ni kitu cha kubadilisha kikichakaa.

Nimemwahidi kitu kimoja tu, nacho nakiandika nisikisahau: siku ya kuandaa nyama ya harusi nitakuwa pembeni ya Baba tangu kufunga mpaka kukata.

Jumatano, 11 Desemba
Mvua: haijakatika. Makaa: yanakauka juu ya mbabula, jiko letu la makaa, kapu kwa kapu. Baba: mzima. Amenisimulia namna ya kuchagua kidari kwa kukibonyeza kwa kidole gumba, neno kwa neno kama alivyonifundisha nikiwa mtoto. Iddy hajui anachosema.

Ijumaa, 20 Desemba
Mvua: asubuhi, kisha jua. Makaa: makavu, namshukuru Mungu. Baba: mchangamfu.

Ilikuwa siku ya kufunga nyama. Pia ilikuwa siku ya kutoa matokeo shuleni, na mkurugenzi hakutuachilia mpaka mzazi wa mwisho aliposaini. Nilirudi alasiri nikikimbia ndani ya tope.

Vidari vilikuwa vimekwisha kufungwa na kulazwa. Karai kubwa lilikuwa barazani, limefunikwa kwa majani ya ndizi na ubao juu yake. Baba alikuwa anaosha mikono kwa limau, anaimba.

Nilishika ubao nitazame.

"Unanichunguza, mama?" Hakupaza sauti. "Mi nilikufundisha hii kazi, ao weye njo unanifundisha?"

"Hapana, baba. Nilitaka kuona tu."

"Kesho utaona. Utaona na midomo."

Nikaondoa mkono. Nani anafunua karai la baba yake, baba akiwa amesimama pale?

Jumapili, 22 Desemba
Mvua: sijui. Makaa: sijui. Baba: sijui.

Nitaandika ya jana yote, kwa mpango, ingawa mkono hautaki.

Asubuhi Baba alikuwa Mansour wa zamani. Aliwasha makaa bila kubahatisha, akayagawa pande mbili, akapitisha chuma, akaanza. Mikono yake haikusita hata mara moja. Iddy alisimama mlangoni na kikombe cha chai akimtazama, na mimi nikamtazama Iddy nikitaka aone. Harufu ilivuka ua. Watu waliokuwa wanapanga viti kwa Mama Henriette walikuwa wanapiga kelele: "Tata Mansour, utatuua na harufu!" Naye anajibu: "Mufe polepole, nyama bado!"

Alipochoka nilishika pedali. Nilizungusha mpaka mwisho, yeye akimwaga mafuta juu kwa kijiko. Niliona pembeni ya sinia alama ya kijani. Nikafikiri ni pilipili. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyofikiri.

Akatoa nyama, akakata waya kwa koleo, akautupa majivuni. Kisha akakata ncha, akaiweka kiganjani mwangu.

"Mwenye kuzungusha."

Nilikula. Ndani ya limau kulikuwa na ladha nyingine, kama kulamba sarafu. Nikameza.

Vidari vilipelekwa ng'ambo juu ya masinia mawili. Hema lilikuwa limejaa, muziki, bukari ya moto, ugali wetu, soda, bia kwa wanaokunywa. Mama Henriette alichukua kipande akacheza nacho juu ya kichwa. Mignonne alilishwa na mume wake, watu wakapiga vigelegele. Nikaona tumbo langu linajikunja. Nikafikiri ni njaa ya tangu asubuhi. Nilitoka, nikatapika nyuma ya choo, na nilipoinua kichwa nilimsikia mtu mwingine anatapika upande wa pili wa ukuta. Kisha mwingine.

Muziki ulizimika. Watu walikuwa wameinama kila mahali, wanaume wenye tai, watoto wenye nguo mpya. Mignonne alikuwa amekaa chini kwenye tope, gauni jeupe limemzunguka, ameshika tumbo. Koko yake, mama mzazi wa Mama Henriette, alikuwa ameanguka kutoka kwenye kiti, macho yamepinduka. Iddy alileta lori nyuma-nyuma mpaka mlangoni, akambeba koko mikononi kama mtoto, akaita wengine wapande, akaenda hospitali.

Aliporudi alikwenda moja kwa moja majivuni. Akachokoa kwa kijiti, akatoa waya. Ulikuwa mweusi kwa moshi. Aliukwaruza kwa kisu, akaniletea karibu na macho. Chini ya masizi ulikuwa mwekundu.

Nilitazama ua. Upande wa nyuma, karibu na bafu, miti miwili ilikuwa imelegea, haina waya.

Baba alikuja nyuma yetu. Akauchukua waya mkononi mwa Iddy, akaugeuza.

"Nani alifunga nyama na waya nyekundu?"

Iddy alirudi nyuma hatua moja.

"Nauliza, nani? Limau na shaba! Munionyeshe ule mutu! Mi sitaki mutu wa namna ile pa moto yangu!"

Alikuwa amekasirika. Hasira ya haki, ya fundi. Iddy akanitazama, nami nikatazama chini.

Jumatatu, 23 Desemba
Mvua. Baba halali.

Alhamisi, 26 Desemba
Mvua: kubwa. Makaa: hatuna haja nayo. Baba: kimya.

Koko ametoka hospitali. Wote wamepona, hakuna aliyekufa. Nimeandika neno hilo nikaliangalia muda mrefu.

Mama Henriette alisimama mbele ya mlango wetu, mwavuli mkononi haujafunguliwa, mvua inampiga.

"Mansour! Toka! Mutoto yangu alitapika ku nguo ya ndoa! Mama yangu walimuingiza mupira ndani ya pua! Tulikukosea nini?"

Kwa miaka yote niliyomjua, hakuwahi kumwita Baba bila "tata". Nilitoka mimi. Nilisema pole. Nilisema Baba mgonjwa.

"Mugonjwa!" akasema. "Kama ni mugonjwa, nani alimuacha pa moto?"

Hakungoja jibu, akavuka barabara.

Ijumaa, 3 Januari
Mvua: kidogo. Baba: daktari amemwona. Anasema ni ugonjwa wa kusahau, hautarudi nyuma. Anasema tusimwache karibu na moto peke yake.

Iddy amefungua pedali kwenye chuma, akaiweka ndani ya lori lake. Baba alimtazama akifungua, akamsaidia kushika bolti, akadhani inatengenezwa.

Jumatano, 8 Januari
Mvua: asubuhi. Baba: ameuliza.

Kila asubuhi anakaa kwenye kiti pembeni ya pipa baridi. Kila asubuhi ananiuliza swali moja.

"Harusi ya Mignonne ni siku gani?"

Mara ya kwanza nilimwambia ukweli. Nilifikiri ni heshima, kwamba mtu mzima haki yake ni ukweli. Nilimwambia yote, waya, limau, koko. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaficha uso kwa kofia yake, mabega yakatikisika, bila sauti. Alikataa kula mchana na jioni.

Kesho yake asubuhi: "Harusi ya Mignonne ni siku gani?"

Nikamwambia tena. Akaficha uso tena. Ilikuwa kwake habari ya kwanza, aibu mpya kabisa, bado haijatumiwa.

Leo aliniuliza, nikasema, "Bado, baba."

"Vizuri," akasema. "Makala ikauke kwanza."

Nimefundishwa nyumbani na shuleni kutomdanganya mzazi. Nitamdanganya kesho tena.

Jumamosi, 18 Januari
Mvua: tangu alfajiri. Baba: amelala mchana.

Nilimpelekea Iddy chakula ndani ya lori. Tangu harusi anakaa humo hata akiwa nyumbani. Kioo cha mbele kilikuwa kimejaa maji, na yeye ameegemea usukani. Nilidhani amelala.

"Zena, ingia. Funga mulango."

Niliingia.

"Waya nyeupe," akasema. "Ile rola ya baba. Ni mi mwenyewe niliimaliza. Bomba ya moshi ilikatika barabara ya Likasi, nikaifunga nayo. Nikasema nikifika nitamununulia ingine. Nikasahau. Mi mwenyewe nikasahau, Zena, na mi sina ugonjwa."

Nikaona namna ilivyokuwa. Baba ametafuta rola mahali pake pa siku zote, hakuiona. Mikono yake inajua kwamba nyama lazima ifungwe. Akatembea mpaka kwenye ua.

"Na mi sikufunua karai," nikasema.

Tulikaa tukisikiliza mvua juu ya bati la kichwa cha lori. Iddy alikuwa analia kama wanaume wanavyolia, akijifanya anasafisha pua. Pedali ya Baba ilikuwa mbele yetu, juu ya dashibodi, ameifunga ndani ya kitambaa safi na kuipaka mafuta isishike kutu. Mtu niliyemwita mtu wa mota.

Jumapili, 2 Februari
Mvua: kumetulia. Baba: alipata mgeni.

Nilikuwa naanika nguo nilipomwona Mama Henriette anavuka barabara kwa hatua za mtu aliyeandaa maneno. Hakunisalimu. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye kiti cha Baba, mikono kiunoni.

"Leo utanijibu weye mwenyewe. Siongei tena na batoto."

Baba aliinua uso, ukang'aa.

"Mama Henriette! Karibu. Zena, leta kiti. Harusi ya Mignonne ni siku gani? Mi niko nangojea tu. Nilichagua kidari muzuri, ya ng'ombe wa Kamina, yenye mafuta. Usiogope. Mutoto yako ni mutoto yangu. Nitafunga nyama mi mwenyewe."

Mama Henriette alifungua mdomo. Alinitazama, na mimi nilikuwa nimesimama na shati lililolowa, linanichuruzikia miguuni. Akamtazama Baba tena. Aliutazama uso ule muda mrefu, halafu pipa lililojaa maji ya mvua, halafu chuma kisichokuwa na pedali.

Mikono yake ilishuka kutoka kiunoni.

"Bado, tata," akasema. "Bado kidogo."

"Mutaniita?"

"Tutakuita, tata. Nani mwingine tutaita?"

Akakaa kwenye kiti nilicholeta. Alikaa mpaka jua likaanza kuchoma, Baba akimweleza namna ya kubonyeza kidari kwa kidole gumba. Alipoondoka alinishika mkono mlangoni, akaukaza, akavuka barabara akijifuta uso kwa kitenge.

Jumanne, 18 Februari
Mvua: nzito. Baba: amekonda. Anazungusha mkono hewani akiwa kwenye kiti, midomo inacheza. Subhanallah, Subhanallah.

Jumamosi, 8 Machi
Mvua: jioni tu. Baba: Ramadhani imeingia, yeye hajui.

Hafungi, na hapaswi kufunga. Nampa uji mchana nikiwa na kiu, naye ananiambia, "Kula pia, mama, unakonda." Hajaniita Zena tangu juma lililopita, wala Aicha. Ananiita mama tu, kama anavyomwita mwanamke yeyote njiani.

Harusi hakuiuliza tena. Sikujua kwamba nitalitamani swali lile.

Alhamisi, 20 Machi
Mvua: hakuna. Makaa: Iddy ameleta magunia mawili, makavu, hakusema ya nini.

Jumamosi, 29 Machi
Mvua: hakuna. Makaa: makavu. Baba: anakula kidogo.

Iddy amerudisha pedali. Ameleta pia rola mpya ya waya mweupe na kidari kimoja cha Kamina. Tumekifunga pamoja, mimi na yeye, barazani, karai wazi, Baba akituangalia kutoka kwenye kiti. Hatukuweka limau mpaka waya ulipokwisha kukaguliwa pande zote.

"Nani atakuja kula?" nikamwuliza Iddy.

"Asipokuja mutu, tutakula shee benyewe."

Nyama italala kesho pia, ndani ya friji ya jirani, kama mwezi hautaonekana.

Jumatatu, 31 Machi
Mvua: hakuna. Nafikiri msimu umekwisha. Makaa: mazuri. Baba: nitaandika.

Leo Idi. Tulirudi kutoka kuswali, Iddy akamkalisha Baba mahali pake pembeni ya pipa, amevaa kanzu nyeupe. Nikawasha. Nikagawa makaa pande mbili. Nikaanza kuzungusha.

Nilikuwa na haraka bila kujua. Baba akanyoosha mkono, akaukuta wangu juu ya pedali, akauzuia.

"Polepole. Inataka kulala kwanza."

Tukazungusha pamoja. Mkono wake ulikuwa mwepesi, ngozi na mifupa, lakini ulijua. Mafuta yalipoanza kudondoka upande mmoja alisimamisha mkono wangu, tukangoja, akauachilia. Hakunitazama. Alikuwa anatazama nyama. Mara nyingine alikaza mkono kabla mimi sijaona kitu, na kweli, baada ya kidogo, moto uliruka pale ambapo nyama ingekuwa.

Hakuna aliyepita mlangoni. Harufu ilivuka barabara kama zamani, na barabara ikanyamaza. Iddy alipanga sahani, akazipanga tena.

Kisha Mama Henriette akaja, amevaa kitenge cha harusi kilekile, na nyuma yake Mignonne, tumbo limeanza kuonekana, na nyuma yao koko mwenyewe, anatembea kwa fimbo.

"Idi njema, tata," Mama Henriette akasema kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. "Tulikuja ku nyama. Ama hamugawi?"

"Koko pia?" Iddy akauliza.

"Mi niko na meno mbili," koko akasema. "Mutafute yenye kulainika."

Majirani wengine walianza kutokea milangoni.

Nilitoa nyama, nikakata waya mweupe, nikauonyesha kwa watu, nikauweka pembeni. Nikakata ncha. Magamba yalilia chini ya kisu. Nikaipeleka kwa Baba kwa mikono miwili.

Aliitazama. Akasukuma mkono wangu.

"Hapana. Hii ni ya mwenye kuzungusha."

"Ni weye ulizungusha, baba."

"Mi nilishika tu. Weye njo ulizungusha." Aliinua macho kwangu, kwa adabu, kama mzee anavyomtazama mtoto wa watu. "Weye ni mutoto ya nani, mama?"

Iddy aligeuka upande wa ukuta.

"Ya Mansour," nikajibu.

"Mansour gani? Ule wa kidari?"

"Ndiyo, tata. Ule."

Alifikiri. Nilimwona anamtafuta huyo Mansour, mbali, na sijui kama alimpata.

"Basi umusalimie," akasema. "Umwambie kazi yake iko muzuri. Umwambie mutoto yake anajua moto."

Nikasema nitamwambia. Kisha nikala kipande changu, nimesimama pale mbele yake, kwa sababu alikuwa anangoja aone nimemeza.